Uvimbe Mweusi Kichwani au Mgongoni: Njia ya Kufikia Jibu Ukiwa Kolwezi

Kama umeshika ripoti ya IRM, ile picha ya sumaku, yenye maneno ya Kifaransa "hypersignal T1 spontané", soma hapa kabla hujamwambia mgonjwa lolote. Maneno hayo yanamaanisha kuwa ndani ya kichwa au mgongo kumeonekana kitu kinachong'aa kwenye aina moja ya picha, iitwayo T1, na kilikuwa kinang'aa hata kabla ya dawa kuchomwa mshipani. Melanini, ile rangi inayotupa ngozi yetu, hung'aa hivyo. Damu iliyovuja siku kadhaa zilizopita hung'aa vilevile, na mafuta pia.

Kwa hiyo picha peke yake haitoi jina la ugonjwa. Jina hupatikana pale vitu vitatu vinapokutana mbele ya macho ya mtu mmoja: picha, mwili mzima wa mgonjwa, na kinyama kilichopimwa maabara. Shida ya kwetu ni kwamba vitu hivi huachana njiani. Unyayo wa mgonjwa uliangaliwa na muuguzi wa Kapata au Luilu, picha ikapigwa Lubumbashi, kama kilomita 300 kutoka hapa, na kinyama kikabaki kwenye chupa isiyo na jina. Wewe ndugu wa mgonjwa ndiye uliyekuwepo kila mahali. Mwongozo huu ni wa kukusaidia kuvirudisha pamoja.

Kwa nini uvimbe wa ndani uwe mweusi?

Seli zinazotengeneza melanini haziishi kwenye ngozi tu. Zimo machoni, mdomoni, puani, na chache zimo kwenye utando laini unaofunika ubongo na ugwe wa mgongo, hasa sehemu ya chini ya ubongo na shingoni. Ndiyo maana uvimbe wenye rangi unaweza kufika huko kwa njia tatu.

Ya kwanza, na inayoonekana mara nyingi zaidi kuliko nyingine zote, ni melanoma iliyoanzia mahali pengine ikasafiri kwa damu hadi kichwani. Kwa watu weusi melanoma hupenda unyayo, kiganja na chini ya kucha, sehemu ambazo jua halizifiki sana. Kisa cha Bob Marley unakijua: mwaka 1977 kidole chake cha mguu kilichodhaniwa kuumia mpirani kilikutwa na melanoma. Alikufa Mei 1981, saratani ikiwa imefika hadi kwenye ubongo.

Ya pili ni uvimbe uliozaliwa palepale kwenye utando. Kuna melanositoma, ambayo kwa kawaida hukua polepole na ilipewa jina hilo mwaka 1972. Kuna melanoma ya utando wenyewe, ambayo ni kali. Na kuna aina inayotandaa kama wino juu ya ubongo, inayowapata zaidi watoto waliozaliwa na baka kubwa jeusi lenye nywele mgongoni au kichwani. Mtoto wa namna hiyo apelekwe kwa daktari mapema hata kama anacheza vizuri, kwa sababu picha ya ubongo wake husomeka vizuri zaidi kabla ya kutimiza miezi 6.

Ya tatu ni uvimbe wenye rangi unaoota kwenye ala ya neva, mara nyingi pale neva inapotoka kwenye uti wa mgongo. Zamani ulihesabiwa kuwa mpole. Tangu orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 unahesabiwa kuwa saratani. Wengine wenye uvimbe huu wana ugonjwa wa kurithi unaoleta madoadoa midomoni na uvimbe ndani ya moyo, kwa hiyo usishangae daktari akiagiza moyo upimwe kwa mawimbi ya sauti.

Sasa swali ambalo kila familia ya hapa huuliza: ni migodi? Mwaka 2018 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha utafiti kuhusu Kasulo, mtaa ambao watu walichimba hadi ndani ya nyua zao, wakaonyesha kuwa wakazi wana kobalti nyingi mwilini. Hilo ni jambo zito, lakini utafiti ule haukuhusu uvimbe wa ubongo. Ni kweli pia kwamba melanini ina tabia ya kushika madini, shaba ikiwemo, na hiyo ni sehemu ya sababu ya kung'aa kwake kwenye IRM. Hiyo haimaanishi kwamba shaba ndiyo iliyoleta uvimbe. Ugomvi na kampuni uwekwe kando kwanza. Mgonjwa hana muda huo.

Je, ni dharura?

Kabla ya kuwaza picha, jibu swali hili. Nenda hospitali leo, hata usiku, kwa mfano Mwangeji au hospitali ya Gécamines, ukiona moja kati ya haya:

- miguu inaishiwa nguvu kwa siku au wiki chache, au ganzi inapanda kutoka miguuni kwenda tumboni;
- mkojo umekataa kutoka, au unatoka bila mtu kujua;
- ganzi sehemu za siri na makalio, pale mtu anapokalia;
- mtu mzima ambaye hajawahi kupata kifafa ameanguka kifafa;
- kichwa kinauma zaidi kila asubuhi, na kutapika, kuona vitu viwiliviwili au usingizi usio wa kawaida;
- maumivu makali ya kichwa ya ghafla. Melanoma ya ubongo ina tabia ya kuvuja damu.

Ugwe wa mgongo ukibanwa, saa ndizo zinazoamua. Aliyefika hospitali akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Aliyefika amekwishapooza, mara nyingi haponi miguu. Usimngoje mjomba arudi kutoka Fungurume.

Na malaria? Pima, tibu kama ipo. Dawa ya malaria ya kawaida humezwa siku 3. Ikiisha na kichwa bado kinauma asubuhi kwa asubuhi, usinunue dozi ya pili na ya tatu kwenye duka la dawa. Hapo malaria imeshatoa udhuru wake.

Jambo jingine la kukutuliza kidogo: mgongo unaouma na miguu inayodhoofika, kwa mazingira yetu, kifua kikuu cha mifupa ya mgongo kina uwezekano mkubwa kuliko uvimbe mweusi. Vumbi la mawe huharibu mapafu ya mchimbaji na kukifungulia kifua kikuu mlango. Kifua kikuu kina dawa. Kwa hiyo kupima si kutafuta hukumu.

Kagua mwili kabla ya safari

Hatua hii haina gharama, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Mgonjwa anaumwa kichwa, nani atamwambia avue soksi? Fanya hivi, mchana, penye mwanga, mkiwa wawili mnaoheshimiana.

1. Osha miguu kwa sabuni na brashi mpaka vumbi lote litoke. Mguu wa mchimbaji ambao haujasuguliwa hausomeki.
2. Angalia nyayo, kisigino, katikati ya vidole. Unatafuta doa jeusi au la kahawia lenye mpaka usio sawa, linalopanuka. Au kidonda kilichogoma kupona kwa zaidi ya mwezi, hata kama si cheusi. Melanoma nyingine haina rangi kabisa.
3. Angalia kucha za mikono na miguu. Watu weusi wengi wana mistari ya kahawia kwenye kucha kadhaa, na hiyo ni kawaida. Unaotia shaka ni mstari wa kucha moja, mpya, unaopanuka, au rangi iliyomwagika kutoka kwenye kucha hadi kwenye ngozi.
4. Viganja, kichwa chini ya nywele, mdomo ndani, macho. Sehemu za siri na njia ya haja kubwa aziangalie mwenzi wake au muuguzi.
5. Papasa kinena na kwapa. Tezi ngumu kwenye kinena cha upande uleule wenye doa mguuni ni habari kubwa.
6. Uliza ya zamani: "Papa, kuna kitu chochote kilichowahi kukatwa mwilini mwako? Kidole, kucha, kinyama cha puani, jicho?" Wengi husahau. Melanoma inaweza kurudi miaka mingi baada ya doa kuondolewa.
7. Piga picha kwa simu kila ulichokiona, sarafu au rula ikiwa kando yake ili ukubwa ujulikane. Andika tarehe.

> Onyo. Doa ulilolipata usilikate kwa wembe, usilichome kwa asidi ya betri, wala usilipeleke likachanjwe chale na kupakwa dawa. Hutaondoa ugonjwa, na utaharibu kile ambacho maabara ingekisoma kwa urahisi.

Faida ya hatua hii inaweza kuwa kubwa kuliko ya mashine. Kukata kipande cha doa la unyayoni au cha tezi ya kinena ni kazi ndogo inayoweza kufanyika hapahapa Kolwezi. Kufungua fuvu si kazi ndogo. Kama jibu liko mguuni, pengine hakuna haja ya kulitafuta kichwani.

Skana au IRM?

Skana, ile ya mionzi ya eksirei, ni ya haraka na ndiyo bora pale penye dharura: inaonyesha damu mbichi, uzito unaousukuma ubongo, na maji yaliyojaa kichwani. Lakini haiitambui melanini. Uvimbe wenye rangi kwenye skana huonekana mweupe kidogo kuliko ubongo, sawa kabisa na uvimbe wa kawaida wa utando wa ubongo. Ripoti ya skana ikisema "méningiome", yaani uvimbe huo wa kawaida, ichukue kama dhana.

IRM ndiyo inayoweza kuonyesha dalili ya melanini, na kwa uti wa mgongo haina mbadala wa karibu. Kabla ya kupanda basi, piga simu na uliza mambo matatu: mashine inafanya kazi wiki hii? Dawa ya gadolini, ile ya kuchomwa mshipani, ipo au tuinunue? Mtaalamu wa kuisoma yupo, na jibu hutoka lini? Simu hiyo moja inaweza kukuokolea nauli na usiku mbili za kulala kwenye korido. Kama mgonjwa ni mwajiriwa wa kampuni, barua ya kampuni ya kubeba gharama, ile "prise en charge", ipatikane kabla ya safari, ikitaja IRM ya ubongo na ya mgongo wote. Barua iliyoandikwa "IRM" tu huleta mabishano dirishani.

Kabla ya kuingia kwenye sumaku

Hapa Kolwezi inatofautiana na miji mingine. IRM ni sumaku kali isiyozimwa, na huu ni mji wa nyundo, patasi na kulehemu. Hatari yenyewe haitoki kwenye jiwe la kijani la malakiti mfukoni. Inatoka kwenye kipande cha chuma kama punje ya mchanga kilichoruka kutoka kwenye nyundo miaka 10 iliyopita kikaingia jichoni. Mtu alilia machozi siku mbili, akapona, akasahau. Sumaku haisahau: ikikisogeza kipande hicho, jicho linaweza kupofuka.

1. Mwambie fundi wa mashine wazi: "Nimelehemu," au "Nimepiga nyundo mgodini, na kuna siku kitu kiliniingia jichoni." Eksirei ya macho itapigwa kwanza. Ni bei ndogo.
2. Taja risasi au vipande vya bomu mwilini, kifaa cha kuendesha moyo, klipu za mishipa ya kichwani, kifaa cha masikio, vyuma vya mifupa. Si vyote vinavyokataza IRM, lakini lazima vijulikane.
3. Vua kila kitu: pete, hirizi yenye chuma, mkanda, viatu vya kazini vyenye chuma kidoleni, nywele za bandia zenye pini. Ni bora aje na nguo safi ambazo hazijawahi kuingia mgodini.
4. Kipimo cha kreatinini kiwepo, kwa sababu figo zilizochoka sana na gadolini havipatani. Mama mjamzito aseme. Dawa hiyo huepukwa kwake.
5. Mwandae kwa kelele na kwa kulala bila kutikisika nusu saa hadi saa nzima. Mwenye maumivu makali apewe dawa ya maumivu kabla. Picha iliyotikisika ni hela iliyotupwa.

Picha zipi ziombwe

Kosa linaloharibu kila kitu ni kuchoma gadolini mapema na kuruka picha za T1 za kabla ya dawa. Gadolini hung'arisha. Ukiona kitu kinang'aa baada ya dawa, hutajua kama kiling'aa chenyewe au kimeng'arishwa. Muulize fundi kwa upole kabla hajaanza: "Samahani papa, mtapiga T1 kabla ya dawa?" Si ukosefu wa adabu. Mafundi wazuri hufurahi wakikutana na familia inayojua.

Daktari anayeagiza aandike kwenye karatasi ya ombi mfano huu, ambao ni wa kubuni:

> *Mwanamume, miaka 46, mlehemu. Miguu inaishiwa nguvu kwa wiki 3, mkojo unatoka. Mwaka 2021 alikatwa kidole gumba cha mguu wa kushoto chenye kidonda cheusi, kinyama hakikupimwa. Tezi ngumu kwenye kinena cha kushoto. Tunashuku melanoma. Tunaomba: T1 kabla ya gadolini, T1 ya kuzima mafuta, T2, picha ya kutafuta damu, kisha T1 baada ya gadolini. Ubongo na uti wote wa mgongo.*

Linganisha na ombi ambalo familia nyingi hubeba: "IRM ya mgongo. Maumivu." Msomaji wa picha aliyepewa maneno hayo atatafuta diski iliyoteleza. Hajui kuhusu kidole.

Kwa nini uti wote na ubongo? Kwa sababu uvimbe huu unaweza kusafiri ndani ya maji yanayouzunguka ubongo na kudondokea mgongoni, na wa mgongoni unaweza kuwa na ndugu yake kichwani.

Ukizishika filamu mkononi

Huhitaji kuwa daktari kujua kama picha muhimu zipo. Ziinue dirishani, tazama picha za kichwa zilizokatwa kama vipande vya mkate, na anza na maji yaliyo katikati ya ubongo, zile nafasi mbili zilizokaa kama mbawa.

- Maji meusi, na mafuta chini ya ngozi ya kichwa meupe: hiyo ni T1.
- Maji meupe sana: hiyo ni T2.
- Maji meusi lakini utando wa ndani ya pua unang'aa: hiyo ni T1 baada ya dawa. Pua hunywa gadolini, kwa hiyo ndiyo shahidi wako.

Sasa tafuta: je, kuna T1 ambayo pua yake haing'ai? Kama haipo, rudi kwa fundi siku hiyohiyo kabla hujapanda basi la Kolwezi. Kuitafsiri picha yenyewe mwachie mtaalamu.

Uvimbe wenye melanini nyingi kwa kawaida hung'aa kwenye T1, huwa mweusi kwenye T2, na hunywa gadolini. Nimesema kwa kawaida. Wenye rangi kidogo hufanana na uvimbe mwingine wowote, na uliovuja damu hufanana na damu.

Vinavyoidanganya picha

Damu ndiyo mdanganyifu mkubwa. Damu ya siku kadhaa hadi wiki chache hung'aa kwenye T1 kama melanini. Ile picha ya kutafuta damu husaidia, kwa sababu damu huacha weusi mzito unaopita hata mipaka yake. Kisha kuna dawa ya kungoja: damu hubadilika na kunywea, melanini haibadiliki. Daktari akisema rudia IRM baada ya wiki kadhaa, na mgonjwa yuko imara, hajakukimbia. Ubaya ni kwamba melanoma huvuja damu, hivyo vyote viwili vinaweza kuwa mahali pamoja. Damu kichwani kwa mtu asiye na presha wala ajali inastahili swali la pili.

Mafuta hutambulika kwa picha ya kuzima mafuta: yenyewe hutoweka, melanini hubaki.

Halafu kuna manganizi, na hili ni letu. Mkoa wa Lualaba una machimbo ya manganizi huko Kisenge. Manganizi ikijaa mwilini, kwa vumbi, kwa moshi wa kulehemu au kwa ini lililochoka, huweka mng'ao wa T1 katikati ya ubongo, kulia na kushoto sawasawa, bila uvimbe wowote. Kama ulifanya kazi hizo, mwambie anayesoma picha. Asiyeujua mkoa wetu hawezi kuliwaza.

Na kwa picha zisizo na mng'ao wowote, orodha ni ndefu: kifua kikuu, maambukizi yanayowapata wenye virusi vya UKIMWI, minyoo ya nguruwe. Kubali kipimo cha virusi bila kuona haya; hubadilisha kila kitu kinachofuata.

Maji ya mgongo

Mjini kuna imani kwamba sindano ya mgongo inaua au inapoozesha. Ikichomwa pale panapostahili, chini ya mahali ugwe wa mgongo unapoishia, ni kipimo cha kawaida. Hatari iliyopo kweli ni nyingine: kuyatoa maji wakati kichwani kuna uvimbe mkubwa unaosukuma. Kwa hiyo mpangilio ni huu: picha kwanza, sindano baadaye. Maji yakitolewa yafike maabara siku hiyohiyo kutafutwa seli za saratani, maana seli huharibika haraka. Jibu la "hakuna seli" halifungi mjadala. Mara nyingine hutolewa tena.

Kinyama: hapa ndipo jina linapotoka

Mpasuaji akifungua na kukuta tishu nyeusi, bado hana jina. Damu ya zamani nayo ni nyeusi. Na kwetu familia mara nyingi ndiyo inayobeba chupa kwenda maabara ya patholojia, hivyo jifunze kuibeba.

1. Kabla ya upasuaji, uliza: "Docta, formalini ipo?" Inayotakiwa ni formalini ya asilimia 10, na kiasi chake kiwe kama mara 10 ya kinyama. Spiriti si formalini, na maji ya dripu ni mabaya zaidi.
2. Kinyama kiingie humo mara kinapotoka mwilini. Kikilala kwenye kitambaa hadi kesho kimeoza.
3. Chupa iwe na mdomo mpana, na karatasi yenye jina, tarehe na sehemu kilikotoka ibandikwe kwenye chupa, maana vifuniko hubadilishana.
4. Funga ndani ya mifuko miwili, isimame wima, isiwekwe kwenye barafu wala mbele ya watoto. Usiifungue, moshi wake unachoma macho.
5. Peleka pamoja nayo nakala ya ripoti ya IRM na maelezo ya doa la ngozi. Mtaalamu wa patholojia asiyeambiwa kuhusu unyayo anaweza kuandika kuwa uvimbe ulizaliwa kichwani, kumbe ulihamia.

Maabara yenyewe ina kazi. Melanini ikiwa nyingi hufunika seli kama masizi, ikabidi ioshwe kwa pamanganeti ya potasiamu ili viini vionekane. Kisha kuna rangi za kutofautisha melanini na chuma cha damu, na vipimo vyenye majina kama S100, HMB-45, Melan-A na SOX10. Kama vipimo hivi havipo, usikate tamaa: omba kibloku cha nta chenye kinyama pamoja na vioo vyake. Kibloku hukaa miaka bila friji na kinaweza kutumwa kwingine. Kukiacha kipotee ni kumrudisha mgonjwa kwenye kisu.

Hata jibu likisema melanoma, swali moja hubaki: imezaliwa pale au imehamia? Hakuna anayeruhusiwa kusema "imezaliwa pale" mpaka ngozi, macho, mdomo, pua, njia ya haja kubwa, kifua na tumbo viwe vimeangaliwa na kukutwa safi. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Melanositoma iliyotolewa yote inaweza kumwacha mtu na miaka mingi ya maisha. Melanoma iliyosambaa inahitaji mpango mwingine kabisa, na mazungumzo ya ukweli na familia.

Makosa yanayojirudia

Kuchukua ripoti na kuacha picha. Ripoti ni maoni ya mtu mmoja; omba picha zote kwenye CD au flashi, pamoja na filamu.

Kuanza dawa kali za kupunguza uvimbe wa ubongo kwa kujinunulia. Deksamethasoni ina nafasi yake kwenye dharura, mikononi mwa daktari. Nje ya hapo inaweza kumpa mgonjwa nafuu ya uongo na kuyaficha magonjwa mengine yasitambulike maabara.

Kutupa kilichokatwa. Kidole, kucha, doa, tezi: chochote cheusi au kisichopona kikikatwa, kipimwe. Hata kama mpasuaji anasema ni donda la kawaida.

Na kuwa na wasimulizi watano. Chagua mtu mmoja wa familia wa kuongea na madaktari na kushika bahasha.

Bahasha ya mgonjwa

☐ Karatasi moja ya historia: dalili ya kwanza na tarehe yake, kazi alizofanya, vilivyowahi kukatwa
☐ Picha za simu za ngozi, zenye tarehe
☐ CD au flashi ya skana na IRM, na ripoti zake
☐ Kreatinini, kipimo cha virusi, picha ya kifua
☐ Ripoti ya upasuaji
☐ Ripoti ya patholojia, na jina la maabara inayohifadhi kibloku
☐ Orodha ya dawa anazomeza, za miti shamba zikiwemo
☐ Nakala ya kila kitu, ikae kwa mtu mwingine nyumbani

Wengine watashauriwa kuvuka Kasumbalesa kwenda Zambia, ambako Lusaka ina hospitali ya saratani iliyofunguliwa mwaka 2007. Kabla ya kuvuka, ripoti za Kifaransa zitafsiriwe Kiingereza na daktari, maana mtafsiri wa mtaani hatajua tofauti ya "hypersignal" na "hyposignal". Beba pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano ya mgonjwa na ya msindikizaji. Kibloku cha nta safiri nacho kwenye mkoba wa mkononi, mbali na jua la dirisha la basi, na barua ya hospitali inayoeleza ni nini, kwa sababu askari wa forodha atauliza.

Ukiwa bado Lubumbashi, kwenye Cliniques Universitaires, Sendwe au popote ulipopigiwa picha, usiondoke kabla ya kujua mambo mawili: ni nani atakayezikalisha picha na kinyama meza moja, na ni tarehe gani. Andika jina na tarehe hiyo nyuma ya bahasha. Tarehe ikipita bila simu, piga wewe.